Nyumba ya Dodoma: ya zamani Uzunguni au mpya Iyumbu? Soma kabla hujamlipa dalali

"Nyumba usiiangalie, dada. Wewe angalia kiwanja."

Dalali aliniambia hivyo tukiwa bado getini, sijauona hata mlango. Nyuma yake ilisimama nyumba ya matofali ya kuchoma, baraza pande mbili, bati lililopakwa rangi nyekundu mara nyingi hadi likawa na magamba kama mgongo wa kenge, na mjakaranda mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Yeye alikuwa anauza hatua za miguu, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Nyumba aliihesabu kuwa kifusi ambacho mnunuzi atakiondoa kwa gharama yake.

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi. Kwanza nilipokuwa natafuta nyumba ya kununua baada ya ofisi yetu kuhamishiwa Dodoma, halafu tena nilipomsaidia mama mdogo kuuza nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe pale Area C. Nilichojifunza ni kwamba nyumba ya zamani ya kifahari katika mji huu ina bei mbili: bei ya anayeiona nyumba na bei ya anayeona kiwanja. Nyumba mpya ya Iyumbu, Njedengwa au Ilazo ina bei moja tu, maana kila mtu anaona kitu kilekile. Ukishalijua hilo, mengi mengine yanajipanga, iwe unanunua au unauza.

Tunalinganisha nini na nini

Dodoma ni mtoto wa reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mji ukaota pembeni ya stesheni. Ukagawanywa kama ilivyogawanywa miji mingi ya kikoloni: Uzunguni penye nafasi na miti, Uhindini penye maduka, na Uswahilini kwa waliobaki. Nyumba za Uzunguni zilijengwa kwa ajili ya maofisa. Ziko chache, na nyingine bado ni mali ya serikali au taasisi, kwa hiyo usidhani kila unayoipenda inauzwa.

Kundi la pili la "zamani" ni la baada ya 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie hapa na kuundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Ramani kuu ya 1976 ilichorwa na kampuni ya Kanada iliyoutaka mji wa bustani, usio na majengo ya kujikweza. Ndiyo maana tuna mitaa yenye majina ya herufi, Area A, Area C, Area D, yenye viwanja vipana na njia zilizonyooka. Nyumba za kipindi hiki si za kikoloni, ila nyingine zinazidi za kikoloni kwa ukubwa: sebule mbili, chumba cha kulia chakula, na nyumba ndogo ya uani ya wafanyakazi.

Upande wa pili wa mizani ni nyumba zilizojengwa baada ya 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa serikali inahama kweli. Mji ukapewa hadhi ya jiji 2018, wizara zikaanza kuhamia Mtumba, na watu wakajenga kama wanakimbizwa. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga Iyumbu, Watumishi Housing wamejenga Njedengwa, na watu binafsi wamejaza Ilazo, Kisasa na Nzuguni kwa nyumba za paa la mikunjo mingi, madirisha ya aluminiamu na geti la umeme.

Zote mbili zinaitwa za kifahari kwenye matangazo. Ufahari wa ile ya zamani ni nafasi, urefu wa dari na kivuli. Wa ile mpya ni marumaru, makabati na kila chumba kuwa na choo chake. Ukimpeleka mama mkwe wa kijijini kwenye zote mbili, utajua mara moja ipi anaiona ni ya tajiri, na haitakuwa ya Uzunguni.

Jua, vumbi na unene wa ukuta

Hapa sifichi upendeleo wangu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua la mchana, upepo wenye vumbi, na baridi ya usiku inayouma hasa Juni na Julai. Waliojenga zamani hawakuwa na kiyoyozi, kwa hiyo walilijibu jua kwa ukuta. Nyumba niliyonunua ina ukuta wa karibu inchi 14 na dari ya futi 11, na baraza linazuia jua lisifike dirishani. Saa tisa alasiri Oktoba unaingia ndani na ngozi inatulia yenyewe. Usiku wa Julai joto la mchana bado limo ukutani.

Nyumba mpya nyingi ni za tofali za saruji za inchi 6 au 5, dari ya jipsamu iliyoshuka chini, na bati jeusi au la kahawia kwa sababu ndiyo rangi ya mtindo. Madirisha ni mapana na hayana kitu cha kuyafunika juu. Saa tisa hiyohiyo, chumba cha upande wa magharibi hakikaliki bila kiyoyozi. Dada yangu wa Ilazo analala sebuleni Novemba nzima, na nyumba yake ni nzuri kuliko yangu kwa kila kipimo kingine.

Maana nyumba mpya ina mambo yake. Jiko la nyumba yangu lilijengwa kwa dhana kwamba mwenye nyumba hatalikanyaga: dogo, lenye giza, na mlango unaotazama uani. Choo kilikuwa kimoja, mwisho wa korido, na cha pili kiko nje. Soketi ilikuwa moja kwa kila chumba, nyingine mbovu. Familia ya leo yenye friji mbili, mashine ya kufulia na watoto watano wanaochaji simu haiishi humo bila kuvunja ukuta mahali. Mpangilio wa vyumba, niseme tu, mpya imeshinda.

Kiwanja, zamani imeshinda. Ukipata kiwanja cha zamani chenye mita za mraba 1,500 au zaidi karibu na katikati ya mji, chenye mwembe na mlimao unaozaa, umepata kitu ambacho hakipimwi tena. Mti mkubwa Dodoma ni miaka, na miaka haiuzwi dukani.

Fundi na bisibisi yake

Watu hukagua nyumba kwa macho. Mimi nilimchukua fundi seremala wa makamo, Mgogo wa huku Chamwino, mtu asiye na maneno mengi. Alipanda ngazi, akatoboa kipande cha dari kwenye kona, akaingiza kichwa na tochi. Nikasikia tak, tak, tak, anagonga kenchi kwa mpini wa bisibisi. Akahama kona. Tak, tak, kisha sauti ikabadilika ikawa kama mtu anapiga boksi. Akageuza bisibisi, akasukuma ncha, ikazama hadi mpini bila kubishiwa.

"Mama," akasema bila kushuka, "huyu mchwa kakaa hapa kuliko wewe kukaa duniani."

Tulikuta kenchi tatu zimekuwa maganda. Mbao zilizobaki zilikuwa za mninga, na hizo mchwa alikuwa amezilamba tu akaziacha. Alishuka, akanionyesha alikopandia: njia ya udongo nyembamba kama kamba ya viatu, nyuma ya kabati la ukutani ambalo hakuna aliyelisogeza tangu lijengwe. Ukikagua nyumba ya zamani Dodoma, sogeza makabati. Mwenye nyumba akikataa, umepata jibu lako.

Kenchi hizo zilinisaidia kushusha bei kuliko ushawishi wowote. Lakini kuna mambo mawili ambayo yangenifanya niondoke kabisa. La kwanza ni paa au dari ya asbesto, zile shiti za kijivu za saruji zilizotumika sana miaka ya 1960 hadi 1980. Zikiwa nzima na hazijaguswa zina nafuu. Zikikatwa au kuvunjwa, vumbi lake huingia mapafuni na huleta saratani baada ya miaka mingi. Kuziondoa si kazi ya vijana wawili na nyundo. Kama hujaweka fungu la kuziondoa kitaalamu, usinunue. La pili ni nyufa zinazopita ukuta wote kimshazari kutoka kona ya dirisha hadi msingi, halafu upande mmoja wa ufa umejitokeza mbele ya mwenzake ukipitisha kidole. Huo si ufa wa plasta, msingi wenyewe umehama. Tukumbuke pia kwamba tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na matetemeko madogo tunayasikia.

Nyaya za zamani zilizofunikwa raba, toa zote, usibembelezane nazo. Mabomba ya chuma vilevile: maji ya visima vya huku yana chumvi, na bomba la inchi moja nililokata lilikuwa limebakiza tundu la kupitisha kalamu. Hizo ni gharama tu, zinahesabika.

Sasa watu hudhani nyumba mpya haina haja ya ukaguzi. Inayo, na ni mgumu zaidi, kwa sababu rangi bado mbichi. Baadhi ya viwanja vya pembezoni viko kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unaingia. Msingi wa kawaida juu ya udongo huo hupasuka mwaka wa pili au wa tatu, yaani baada ya muuzaji kubadilisha namba ya simu. Nyumba ya miaka 60 imeshapasuka pale ilipotaka kupasuka, na unaona. Kwa nyumba mpya, nenda ukaitazame Machi mvua ikinyesha, uliza majirani wamechimba msingi futi ngapi, na kwaruza tofali la ukuta wa fensi kwa ufunguo. Likimomonyoka kama sukari, la nyumba huenda lilifyatuliwa na mikono ileile.

Majitaka pia. Sehemu ya mitaa ya kati imeunganishwa na mtandao unaokwenda mabwawa ya Swaswa. Pembezoni ni karo na shimo lako mwenyewe, na gari la kunyonya unalipia wewe.

Karatasi: hapa ndipo zamani inauma

Kama ningepewa nafasi ya kukagua kitu kimoja tu kwenye nyumba ya zamani Dodoma, nisingechagua kenchi. Ningechagua hati.

Mji huu ulikuwa na utaratibu wake. Ardhi ilikuwa chini ya CDA, na wenyeji walipewa hati za miaka 33. Rais Magufuli alipoivunja CDA Mei 2017 na kuikabidhi kazi hiyo kwa manispaa, aliagiza hati zitolewe kwa miaka 99. Sasa piga hesabu: nyumba iliyopewa hati mwaka 1985 kwa miaka 33, muda wake uliisha 2018. Muuzaji anaweza kuwa na karatasi halisi, yenye mhuri halisi na jina lake halisi, na bado muda umekwisha au umebaki miaka michache. Akikuambia "hiyo kuhuisha ni kitu kidogo tu", mjibu kwa upole: kama ni kitu kidogo, mzee wangu, kihuishe wewe kwanza halafu tuandikiane. Benki nayo ukienda kuomba mkopo wa nyumba itaangalia miaka iliyobaki kabla haijaangalia mjakaranda.

Jambo la pili ni nyumba zilizokuwa za serikali. Kuanzia 2002 serikali iliwauzia watumishi wake nyumba nyingi, na mauzo yale yaliambatana na sharti la kutoiuza nyumba kabla ya miaka 25. Ndiyo kusema hata za mwanzo kabisa, miaka yake inatimia 2027. Ukiambiwa nyumba "ilikuwa ya serikali, mzee akauziwa", omba mkataba wa mauzo yale na uusome wote, hadi ukurasa wa masharti. Usikubali kuridhishwa kwa "hati ya nguvu ya kisheria" ya wakili wa mtaani inayokupa mamlaka bila kukupa umiliki.

La tatu, mirathi. Nyumba nyingi za zamani zinauzwa na watoto. Mzee amefariki, mmoja yuko Mwanza, mmoja Arusha, mmoja kabaki ndani ya nyumba na ndiye anayekutembeza. Anayetakiwa kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake liingizwe kwenye hati kwanza ndipo lije lako. Na hata akiwa ameteuliwa, mimi hutaka kuwaona warithi wote, au kuwasikia kwa simu. Si sheria, ni tahadhari yangu. Nilikaribia kulipa malipo ya awali ya nyumba moja Uhindini, tukiwa tumeshakaa kwa wakili, na mtoto wa tano akapiga simu kuuliza sisi ni akina nani tunaouziana nyumba ya baba yake. Hakuna aliyekuwa ametutajia mtoto wa tano.

La nne liko kwa zote, mpya na zamani: ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama anayeuza ni baba, muulize mama yuko wapi. Usione haya.

Nyumba mpya huwa na karatasi fupi zaidi: hati ya miaka 99 yenye jina moja, au barua ya toleo, ile tunayoiita ofa. Hatari yake ni nyingine. Kuna viwanja vilivyouzwa na wenyeji kwa karatasi ya serikali ya mtaa tu, havijapimwa, na nyumba ya milioni mia kadhaa imesimama juu yake. Kuna ofa mbili zilizotolewa juu ya kiwanja kimoja. Kwa hiyo upekuzi rasmi kwa msajili wa hati unafanya kwa nyumba yoyote, na unaufanya mwenyewe au kwa wakili wako, si kwa nakala anayokuletea muuzaji. Huo upekuzi ndio utakaoonyesha kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Angalia pia madeni ya kodi ya pango la ardhi. Kwenye nyumba za warithi huwa yamelala miaka.

Hela zinazosahaulika

Bei ya kutajwa si bei. Nyumba ya zamani, weka pembeni fungu la ukarabati kabla hujakubali bei, na fundi akikupa makisio ongeza theluthi. Mimi niliongeza robo, nikaishia kupika nje miezi minne.

Kodi ni zilezile kwa zote. Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji: kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Chukua mfano. Mtu alinunua kwa milioni 120, ana risiti zote, anauza milioni 200. Faida ni milioni 80, kodi ni milioni 8. Mrithi wa nyumba iliyojengwa 1978 hana risiti hata moja. Akiuza milioni 200 hiyohiyo analipa milioni 6. Upo pia msamaha kwa nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi ndani kwa miaka 3 au zaidi, ila ni pale tu faida isipozidi milioni 15, na kwa nyumba tunazozizungumza hapa nani anauza kwa faida ndogo hivyo?

Mnunuzi anabaki na ushuru wa stempu, kama asilimia 1, ada za usajili na wakili. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa itahitajika, na ndiyo itakayotumika kukutoza, hata mkiandika bei ya kuchekesha kwenye mkataba. Muuzaji akisema anataka hela yake "mkononi", maana yake kodi zake zote anakutupia wewe. Inakubalika, mradi uwe umeihesabu.

Dalali huanza na asilimia 10. Kwa nyumba ya kiwango hiki jadiliana, hakuna anayelipa kumi. Tatizo kubwa si asilimia, ni cha juu: muuzaji anataka 280, wewe unaambiwa 340, na mnakutana siku ya wakili wote mkishangaana. Dawa ni kuzungumza na mwenye nyumba ana kwa ana kabla ya kutaja bei, na dalali awepo, alipwe haki yake mbele ya watu.

Ukiwa wewe ndiye unayeuza

Mama mdogo alikuwa na nyumba ya vyumba vinne Area C, ya miaka ya 1980, kiwanja kipana, kona. Madalali sita walikuja. Watano walipima kiwanja. Wa sita akaomba maji ya kunywa, akakaa barazani, akasema, "Mama, hapa pana upepo." Tukampa kazi wa sita.

Tulifanya jambo ambalo namshauri kila muuzaji wa nyumba ya namna hii: tulipata makadirio mawili. Moja la mthamini, nyumba na kiwanja pamoja. La pili la kiwanja kitupu, kwa bei ya anayetaka kubomoa na kuweka ghorofa la kupangisha wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mji unapojaa. Tofauti haikuwa kubwa tulivyotegemea. Hapo ndipo unapoamua unamuuzia nani. Ukimuuzia wa kiwanja, usipake rangi, usibadilishe bati, usitumie shilingi. Hela yote unayoitia kwenye nyumba ataipiga nyundo. Ukimuuzia wa nyumba, tumia kidogo mahali pake: ziba panapovuja, safisha mifereji, toa mapazia mazito, fungua madirisha yaliyogandishwa na rangi, fagia baraza. Marumaru usiweke. Anayetaka nyumba ya zamani atakuchukia kwa kufunika sakafu nyekundu ya saruji iliyong'aa kwa miaka 40 kwa marumaru ya maua.

Sisi tulifanya kosa moja. Mjomba alitushawishi tukate mwembe wa mbele "ili nyumba ionekane barabarani". Ikaonekana kweli. Ikaonekana ni ndogo, na barazani hapakukalika tena saa nane. Mnunuzi aliyekuwa ameshakuja mara mbili hakurudi mara ya tatu. Yule aliyenunua mwisho alinunua kiwanja, kwa bei ya kiwanja.

Muuzaji wa nyumba mpya hana fumbo hilo, ila ana jingine: ndani ya mita mia tano kuna nyumba kumi kama yake, nusu yake zinauzwa. Anashindana kwa bei, na kwa umbali kutoka lami. Na mshindani wake mkubwa ni pagale, kwa sababu mnunuzi wa Dodoma akiona nyumba ya milioni 250 moyo wake humwambia angenunua pagale la 90 akamalizia mwenyewe.

Basi nani achukue ipi

Mwenye kazi Mtumba, watoto wadogo, gari moja, na mkopo wa benki wenye masharti: chukua mpya, upande wa mashariki, yenye hati ya miaka 99 na mkaguzi aliyeona msingi. Kutoka Uzunguni kwenda Mtumba ni kama kilomita 17, na kila asubuhi mji mzima unakwenda huko.

Mwenye fedha taslimu au karibu yake, asiye na haraka, anayeweza kuvumilia mafundi miezi sita, na ambaye karatasi za nyumba zimepita kwa wakili bila kigugumizi: chukua ya zamani. Utalipa bei ya kiwanja na nyumba utapewa kama bakshishi, mradi usimwonyeshe dalali kwamba umeipenda. Simama uani, pima kwa hatua, lalamikia mti.

Mwenye hati yenye miaka minne iliyobaki, warithi saba na dari ya asbesto, hata kama ni nyumba nzuri kuliko zote Uzunguni: mwache nayo. Mwekezaji wa kupangisha asidanganyike na uzuri pia. Mpangaji wa Dodoma anauliza vyoo vingapi, na swali la pili ni maegesho.

Kama una roho ya nyumba za zamani kweli na hulazimiki kukaa jijini, tembea Mpwapwa au Kondoa. Kule hajafika anayetaka kujenga ghorofa, kwa hiyo bei mbili hazijaachana sana. Kazi na hospitali kubwa nazo hazijafika kwa kiwango cha hapa, hilo unalijua.

Ile nyumba ya getini sikuinunua. Jina la kwenye hati lilikuwa la mtu aliyefariki 1996 na hakuna aliyekuwa amekwenda mahakamani. Aliyeinunua alikuwa na subira au ujasiri kunizidi. Sasa pamesimama ghorofa mbili zenye vioo vya bluu. Mjakaranda upo bado, umebanwa kati ya tangi la maji na kibanda cha mlinzi. Nilimuuliza mlinzi umeponaje. Akasema mwenye msumeno alitaka milioni moja na nusu, na bosi akasema kwa hela hiyo, uache uchafue tu.